Mtungi wa Mama Issa

Newala, nyumbani, jioni ya kuamkia safari yako

Somoe mwanangu,

Nakusikia uani unagombana na mjomba wako juu ya kamba ya kufungia godoro. Wewe unasema, "Mjomba, hii si kamba ya mbuzi?" Naye anakujibu, "Ni ya mbuzi, na haijapoteza mbuzi hata mmoja. Godoro lako litakimbilia wapi?" Mmecheka nyote wawili. Na mimi nimecheka huku chumbani, kisha kifua kikanikumbusha kwamba siku hizi kicheko nacho ni kazi, nikachukua kalamu.

Sitakuandikia habari za baridi ya Songea ulikopangiwa kazi, wala sweta, wala watu wa kuwaepuka. Hayo umeyasikia wiki nzima kutoka kwa kila aliyekuja kukuaga. Nataka kukueleza jambo ambalo nilikuwa nimekubali kwenda nalo kaburini. Ila juzi nilikusikia ukisema neno moja kwenye simu, na tangu hapo silali usingizi wa maana.

Ulikuwa unaongea na rafiki yako Zuhura. Saa ya mkono aliyokuazima ni ya marehemu baba yake. Alikupa wakati wa mafunzo uhesabie mapigo ya wagonjwa, kwa sababu yako haikuwa na mshale wa sekunde. Najua ilikuponyoka ikaangukia kwenye karai la nguo, kwa kuwa nilikuona dirishani ukiikausha kwa ncha ya kanga, ukiiweka sikioni, ukiikausha tena. Zuhura alipokuuliza imekuwaje, ulimjibu, "Sijui. Nimeikuta tu imesimama."

Sikuandikii nikugombeze. Neno hilo, "sijui", ninalifahamu ladha yake. Mimi nililisema siku moja kijijini Chilangala mbele ya watu, na mpaka leo halijanitoka kinywani.

Wewe umezaliwa tukiwa tumeshahamia hapa mjini, kwa hiyo hukuona tulivyoishi kule. Mimi ni mtu wa Lukuledi, kwetu maji hayakuwa habari. Nilipopangiwa kufundisha huku juu, pamoja na baba yako, nilikuta watu wanaoyaheshimu maji kuliko nyama. Yalikuwa chini bondeni. Wanawake walishuka mteremko kabla jogoo hajawika na kurudi jua likiwa limekwisha kuwa kali, ndoo kichwani, mmoja nyuma ya mwingine, bila kuzungumza, maana kupanda kule hakuachi pumzi ya maneno. Mgeni akifika nyumbani kwako ukampa maji ya kunywa, aliyapokea kwa mikono miwili.

Jirani yetu alikuwa mwanamke anayeitwa Mama Issa. Ndiye aliyenifundisha kukunja kata ya kuwekea ndoo kichwani na kutuliza shingo. Nilipojifungua kaka yako mkubwa, alinimiminia ndoo ya maji mlangoni kila asubuhi mpaka kitovu cha mtoto kikadondoka. Siku moja nilimwambia, "Mama Issa, nashukuru sana." Akaninunia. "Mwalimu, unanishukuru kama mpita njia? Basi kesho nitabisha hodi." Na kweli kesho yake alisimama nje akabisha hodi kwa sauti ya kuigiza, "Hodi wenyewe! Mimi mpita njia nimepotea na ndoo yangu!" Nilicheka mpaka nyuzi zikaniuma. Alikuwa rafiki wa namna hiyo. Sijapata mwingine.

Mama Issa alikuwa na mtungi. Mama yake mzazi aliufinyanga kwa mkono na kumwachia, kisha akafa kabla hajamfundisha bintiye kazi ile. Ulikuwa mtungi mkubwa wa kukumbatia, mweusi ubavu mmoja kwa moshi wa kuchomwa, na chini ya shingo kulikuwa na mstari wa vishimo vidogo. Vishimo vile ni vidole vya mama yake, alivibonyeza udongo ukiwa mbichi. Kimoja kilikuwa kirefu kuliko vingine, maana marehemu alikuwa na kucha iliyovunjika siku ile. Mama Issa alinionyesha kama mtu anavyokuonyesha picha ya mzazi wake. Picha hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kile kishimo. Kila alipochota maji alikigusa kwa kidole gumba, hata mwenyewe hakujua kwamba anafanya hivyo.

Mtungi ule ulikaa ndani, gizani, juu ya mchanga. Ulitoka nje mara moja tu kwa mwaka, mwisho wa kiangazi, ukasuguliwa kwa mchanga na kuanikwa juani utoke ukungu. Jua likiisha uliingizwa ndani ulale mkavu hadi upoe kabisa, ndipo upewe maji, tena kwa kikombe, kidogo kidogo, kama mgonjwa anayeanza kula. Na mvua ya kwanza haikutegwa. Watu waliiacha ioshe mabati na ardhi inywe kwanza. Mambo hayo watoto wa kule waliyajua kabla hawajajua kusoma. Mimi niliyaona yakitendeka miaka kadhaa, lakini kuona si kujua.

Ilikuwa msimu wa kuokota korosho, mwishoni. Mama Issa alikuwa shambani. Nilitoka shule mapema, jua likichoma hata kivuli hakifai kitu. Mara wingu likapanda, jeusi, na ghafla mvua. Kijiji kizima kilipiga kelele. Watoto walivua mashati, na mimi mgeni wa maji nikakimbilia ndoo na sufuria zangu zote nikazipanga chini ya bati. Nikageuka nikauona mtungi wa Mama Issa upo uani kwake, peke yake, umeanikwa. Nikafikiri: maskini, rafiki yangu yuko shambani na mvua inampita. Atarudi akute mtungi umejaa, na kesho hatashuka bondeni.

Mwanangu, nataka uniamini hapa, kwa sababu mbele hutaniamini sana. Nilikwenda kwa upendo. Niliukumbatia ukiwa na moto wa jua, ukaniunguza mikono, nikaubeba mpaka kwenye pembe ya bati ambako maji yalikuwa yanashuka manene kama mkono wa mtu. Yalipoingia tu nilisikia mlio mdogo, kama muhogo mkavu unapovunjwa. Ufa ulitoka shingoni ukashuka tumboni polepole, nikauangalia unavyokwenda. Kisha ubavu mmoja ukaanguka.

Asubuhi ile ile nilikuwa nimewafundisha watoto wa darasa la sita kwamba kitu cha moto kikitiwa maji baridi hupasuka. Niliwachorea na gilasi ubaoni.

Hakuna aliyeniona. Kila mtu alikuwa anaangalia bati lake. Nilisimama pale, maji yananipiga mgongoni, kisha nikaondoka. Nilijiambia naenda kubadili nguo, nitarudi nimngojee pale pale uani nimwambie. Nilibadili nguo. Nikakaa kitandani. Baba yako aliporudi nilimweleza kila kitu, nikilia. Akaniambia, "Usiende sasa hivi na macho hayo. Mwache ashushe mzigo kwanza, apumzike. Utakwenda kesho." Nilishukuru sana kuambiwa hivyo. Nilikuwa nautafuta mlango, akanifungulia.

Sasa sikia kilichotokea usiku mmoja tu ule niliosubiri.

Mama Issa alirudi amelowa, akaukuta mtungi umepasuka chini ya bati, na ndani ya nyumba mumewe amelala. Baba Issa alikuwa mtu mpole akiwa mkavu, ila msimu wa mabibo hakuwa mkavu mara nyingi, alikunywa uraka, pombe ya mabibo ya korosho. Na wiki chache nyuma, katika ugomvi ambao sote tuliusikia ukutani, alikuwa amesema, "Huu mtungi wa mama yako ndio mume wako! Ipo siku nitaupiga teke!" Basi. Nani angetafuta mwingine?

Kule mume ndiye aliyehamia kwa watu wa mke. Nyumba ilikuwa ya Mama Issa, kwenye ardhi ya wajomba zake, na ndoa ikivunjika anayebeba mkeka ni mwanamume. Asubuhi wajomba walikuwa wamekaa uani, vigae vya mtungi vimekusanywa juu ya kanga kama maiti ya mtoto. Nilipotokea, nikiwa nimejifunga leso kwa ajili ya kwenda kusema, nilikuta kiti kimewekwa. Walikuwa wananingoja kama jirani. Nikakaa. Mama Issa akaegemeza kichwa begani kwangu, nami nikamwambia, "Pole, mwenzangu."

Nilisema pole, Somoe. Hakuna aliyenilazimisha.

Mjomba mkubwa akamwuliza Baba Issa, "Ulisema utaupiga teke, hukusema?"

"Nilisema."

"Na mtungi umevunjika, haukuvunjika?"

"Umevunjika, mjomba. Lakini mimi sikuugusa. Nilikuta mvua inaanza nikaingia kulala."

Kijana mmoja pembeni akasema, "Labda umejipiga teke wenyewe," watu wakacheka. Baba Issa hakucheka. Alizungusha macho akanipata mimi. Akasema, na sauti yake naisikia hata sasa ninapoandika, "Aulizwe Mwalimu. Mwalimu alikuwa nyumbani, na Mwalimu ni mtu wa kweli."

Mama Issa akainua kichwa begani kwangu, akanitazama usoni kwa karibu sana. "Kweli, Mwalimu. Wewe ukisema, nitaamini. Ni yeye?"

Nikasema, "Sijui. Mimi sikuona."

Baadaye nilijitetea kwamba sikumtaja mtu. Sikusema ni yeye. Lakini kwenye kikao kile "sijui" yangu ilikuwa na uzito kuliko ndiyo ya mtu mwingine. Kabla ya adhuhuri Baba Issa alifunga mkeka wake, akachukua jembe na redio, akapita mbele yangu akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu," ingawa kwa umri nilikuwa kama dada yake mdogo. Nikaitikia marahaba. Sikujua nifanye nini kingine na mdomo wangu.

Siku mbili zilizofuata sitaki kuzieleza. Nilichota maji na Mama Issa. Nilimsaidia kubeba. Alinieleza jinsi alivyojilaumu kuolewa na mtu yule, nami nilitikisa kichwa. Usiku wa pili nilimwambia baba yako, "Ijumaa watu wakitoka msikitini nakwenda. Sijali tena." Akasema sawa. Nilikwisha kupanga hata maneno.

Alhamisi jioni baba yako alikwenda kwenye uraka. Baba Issa alikuwa pale, hana pa kulala zaidi ya chini ya mkorosho, na wenzake walikuwa wanamtania. "Bwana Teke, leo utapiga nini?" "Msogezeeni kata ya pombe mbali, ataivunja!" Baba yako alikunywa, akasikiliza, akanywa tena. Kisha akasema mbele ya wote, "Mnamwonea bure. Mvunja mtungi analala kwangu." Alipoona wote wanamtazama akaendelea, akasimama akawaonyesha jinsi nilivyoukumbatia mtungi, mgongo umepinda, matako nje, na jinsi nilivyoruka ulipopasuka. "Mwalimu wa sayansi!" alisema. "Anawafundisha watoto wenu!" Watu walicheka mpaka wengine wakamwaga vinywaji vyao.

Siri ambayo nilimpa kitandani, na machozi yangu, aliigeuza mchezo wa kilabuni. Mwanangu, najua ulivyompenda baba yako. Najua ulikaa naye hospitalini mpaka mwisho, na kwamba uliutaka uuguzi kwa ajili yake. Alikuwa baba mzuri na sitakunyang'anya hilo. Lakini nitakuwa ninakudanganya nikikuacha uondoke bila kujua kwamba mtu yule mzuri alinichana mbele ya kijiji kizima, tena kwa kicheko, na kwamba nililala naye kitanda kimoja miaka yote iliyofuata nikiwa nimempa mgongo wa ndani, ule ambao mtu haoni. Ukiwahi kujiuliza kwa nini sikumwambia jambo lolote la moyoni, kwa nini alikuwa akiwauliza ninyi watoto, "Mama yenu ana nini leo?", basi jibu ni hilo.

Aliporudi usiku ule nilikuwa nimekwisha kusikia. Maneno yalimtangulia. Nikamwambia, "Umenisaliti."

Alivua viatu kwanza. "Nimekusaidia. Yule mwanamume analala chini kama mbwa kwa ajili yako."

"Nilikuambia nakwenda kesho!"

"Ulikuwa unakwenda kesho tangu siku ya mvua. Kesho yako haina miguu."

"Na kunifanya kichekesho je? Nako ni kunisaidia?"

Alilala na nguo zake. Wala hakuniomba radhi, si siku ile, si siku nyingine. Mara moja tu, akiwa mgonjwa, wewe ukiwa umetoka kufuata dawa, aliniambia, "Lile la mtungi, ungenishukuru." Nikamwambia, "Nyamaza upumzike." Ndiyo maneno yetu ya mwisho juu ya jambo hilo, na karibu ya mwisho kabisa.

Nimelizungusha jambo hili kichwani mpaka limekuwa laini kama jiwe la mtoni. Wakati fulani naona alinisaliti. Wakati fulani naona mtu mmoja tu alimtetea Baba Issa katika kijiji kile, na ni mlevi mwenzake aliyekuwa mume wangu. Yote mawili ni kweli, na hayapatani. Ila hili nimelijua: ukweli wangu niliuacha njiani siku kadhaa, kisha nikalia kwamba umeokotwa. Aliyeuokota aliubeba kwa mikono michafu, sawa. Lakini mimi ndiye niliyeuweka chini.

Asubuhi ya Ijumaa nilitoka hata kabla ya muda niliopanga. Nilimkuta Mama Issa amekwisha kutoka kwake, tukakutana katikati ya njia. Mkononi alikuwa na kigae kimoja, kile chenye kishimo kirefu.

"Mwalimu, unakwenda wapi?"

"Nilikuwa nakuja kwako. Kukuambia."

"Kuniambia nini? Nimeshaambiwa. Nimeambiwa na wanawake bondeni, wamenionyesha mpaka ulivyoruka."

"Mama Issa, nisikilize…"

"Siku ile nilikusikiliza. Nilikiweka kichwa changu hapa." Akanigusa bega kwa kigae, kwa upole, karibu kama kunibembeleza. "Mtungi ni udongo, Mwalimu. Ungeniambia umeuvunja, ningelia, ningekutukana, jioni tungepika pamoja. Mama yangu mwenyewe alivunja mitungi, alikuwa anasema udongo umekumbuka kwao. Wewe hukunivunjia mtungi. Ulinifukuzisha mume kwa mkono wangu mwenyewe, halafu ukanishika mkono kunipa pole."

Nikaanza kulia. Akaniambia, "Usilie hapa. Maji ni ya shida huku."

Akaenda zake. Hakunipa nafasi ya kulisema hata neno moja kwa kinywa changu, na sikuwa na haki ya kuidai. Alimtuma Issa kwa baba yake amwite arudi. Baba Issa alimrudisha mtoto na jibu, "Mwambie mama yako nyumba iliyonipima na mtungi ikanikuta mwepesi, siwezi kulala humo tena." Alishuka zake Masasi, akaoa huko, akafia huko.

Mwaka uliofuata tukahamishiwa Newala mjini, ukazaliwa wewe. Watu wa kanisani walishangaa. Padri alikubatiza Anna, lakini mimi nyumbani nikakuita Somoe, jina la Kiislamu, na nikakataa kueleza. Ulipokuwa mdogo ukiniuliza, nilikuambia ni la shangazi wa mbali. Si kweli. Somoe ndilo jina la Mama Issa, alilopewa na mama yake, yule wa vidole. Nilidhani nimepata njia ya kumwomba radhi bila kumtazama. Mwanamke mmoja aliyekuwa akichota maji nasi alimpelekea habari, kisha akaniletea jibu lake: "Mwambieni Mwalimu, jina halitunzi maji."

Nilikasirika. Nitakuambia kweli, nilikasirika miaka mingi. Nilisema moyoni, nimempa mwanangu, anataka nini zaidi? Nilijiona mimi ndiye niliyeonewa: mume amenicheka, rafiki amenifungia mlango, kijiji kimenigeuza kichekesho. Kusalitiwa kuna raha yake mbaya, Somoe. Kunakukalisha kwenye kiti kizuri, wengine wote wamesimama kizimbani. Nilikaa kwenye kiti hicho mpaka miguu ikavimba kweli.

Wewe hukulipa deni lolote kwa jina hilo, na usilibebe kama mzigo. Ni jina zuri la mwanamke mzuri. Kosa langu lilikuwa kulituma badala ya kwenda mwenyewe. Nimegundua nimekuwa hivyo maisha yangu yote: niliutuma usiku, nikamtuma mume bila kujua, nikamtuma mtoto mchanga. Kila kitu kimekwenda kwa Mama Issa isipokuwa mimi.

Wiki tatu zilizopita, ukiwa umelala baada ya zamu, alikuja muuza vyungu anayetoka pande za Masasi. Tulizungumza barazani. Akasema amepanga Lisekese karibu na kijana mmoja fundi pikipiki aitwaye Issa, anayekaa na mama yake mzee, macho hayaoni vizuri, na mama huyo huja kununua mitungi kwake lakini kwanza anaipapasa shingoni yote, mmoja mmoja, kisha anasema si huu. Nikamwuliza kama mama huyo hajambo. Akasema, "Hajambo. Nilimwambia naja Newala, akaniuliza kama kuna mwalimu mmoja wa sayansi bado yupo." Nikamwuliza, "Aliuliza kwa sauti gani?" Yule muuza vyungu akanicheka. "Mama, sauti gani tena? Aliuliza tu."

Nimeitafakari hiyo "tu" kuliko Injili.

Daktari wako mkuu, yule unayemsifu, aliniangalia mara ya mwisho kama mtu anayefunga duka kwa adabu. Hakuna haja ya kunificha, wala mimi kukuficha. Moyo wangu umechoka. Nilitaka kukuomba ushuke Lisekese ukamwone Mama Issa, umpe salamu zangu, umwambie yote haya. Niliandika hata ombi hilo kwenye karatasi nyingine, nikaisoma, nikaona nimefanya lile lile. Nimeichana.

Kwa hiyo sikutumi. Nimezungumza na mjomba wako mchana. Kiti cha mbele cha pikapu kesho ni changu, wewe na kamba ya mbuzi mtakaa nyuma na godoro. Tutashuka ule mteremko pamoja, nami nitashuka Lisekese. Wewe mjomba atakufikisha stendi ya Masasi upande basi la Songea, kisha atarudi kunichukua. Usianze kuniambia habari za dawa na kuhema. Nimeshahema kwa mambo madogo kuliko hili. Inawezekana atanifukuza. Ana haki. Inawezekana sitafika nikiwa na sauti. Nitamkaribia sikioni.

Sitamwambia nisamehe, maana hilo ni kumwomba kitu, na mimi nimekwishachukua vya kutosha. Sitamtaja baba yako, wala uraka, wala mvua. Aliniuliza swali mbele ya watu, na anadai jibu lake mpaka leo. Nitampa. Nitamwambia, "Somoe, nilijua. Siku ile uliponiuliza, nilijua."

Njia ya kwenda barabarani inapita kwa kina Zuhura, nawe unaijua vizuri kuliko mimi. Saa ile umeiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi la bluu, chini ya soksi. Sisemi zaidi. Mjomba wako hana haraka, na mimi nitangoja garini.

Tukifika Lisekese unishike mkono kunishusha, kwa sababu hatua ile ya gari ni ndefu. Nikigusa ardhi, niachie. Kutoka hapo mpaka mlangoni kwake nataka nitembee mwenyewe, hata ikichukua asubuhi nzima.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako uione ukiamka. Ukimaliza kuisoma usije chumbani kwangu kunitafuta. Utanikuta barazani, nimekwisha kuvaa viatu.

Mama yako